Maua na Majira ya Baridi: Historia ya Kosa Moja katika Bustani za Kaskazini

Katika Mwanzo 8:22, mahali ambapo maandiko ya Kiebrania yanataja majira ya joto na majira ya baridi, watafsiri wa Biblia yetu ya Kiswahili waliandika kaskazi na kusi. Hawakukosea. Lugha iliyozaliwa pwani hupima mwaka kwa pepo na mvua, wala haina neno lake la asili kwa miezi minne au mitano ambamo udongo wenyewe hugeuka kuwa mgumu kama jiwe. Sisi husema "kipupwe" au "majira ya baridi", na mkulima wa Njombe, aijuaye jalidi ya Juni na Julai juu ya majani ya viazi, huona kwamba ameelewa. Ameelewa sehemu tu. Jalidi ya Njombe huja usiku na kuondoka jua likipanda. Makala hii yahusu nchi ambako haiondoki, na yahusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo mno kwa jarida la wanateolojia: jinsi watu wa nchi hizo walivyojifunza kuyavusha maua ya bustani katika majira hayo, yakiwa nje, pasipo nyumba ya vioo wala moto.

Tunazo sababu mbili za kuliandika. Ya kwanza ni ya kihistoria. Wengi kati ya waliochangia elimu hii walikuwa wachungaji, au wana wa wachungaji, waliokaa katika usharika mmoja kwa miaka mingi na kuitazama bustani ileile mwaka hata mwaka. Historia ya Kanisa tunayoifundisha huwataja watu hao kwa mahubiri na mabishano yao, nayo hupita kando ya bustani bila kugeuza shingo. Ya pili ni ya aibu kidogo, nasi tutaieleza mara moja ili tuendelee.

Tulipokuwa masomoni kaskazini mwa Ujerumani tulikaribishwa kuishi katika nyumba ya mchungaji mmoja. Mwishoni mwa Oktoba mama mchungaji alisafiri kwenda kumwuguza dada yake, akatuachia bustani. Usiku wa tatu jalidi ikaanguka. Kwa kuwa tulikuwa tumetoka nchi ya jua, na sisi wenyewe tulikuwa tunatetemeka, tuliyahurumia yale maua. Tukakusanya majani yote yaliyoanguka, yakiwa yamelowa mvua, tukayafunika maua kwa lundo lenye kina cha mkono mzima, na juu yake tukatandika karatasi ya nailoni na kuizungushia mawe. Mama mchungaji aliporudi alishukuru, na kwa adabu hakugusa kazi yetu. Mwezi wa Machi tulipofunua, chini hakukuwa na maua, bali uozo mweusi wenye harufu. Alitueleza kwa upole kwamba hayakuuawa na baridi. Tuliyapasha joto wakati yalipokuwa yakijiandaa kulala, yakaoza. Tangu siku hiyo tumetaka kujua ni lini na ni nani waliogundua kwamba ua laweza kuuawa kwa kufunikwa.

Yafaa tuseme kwanza tunayazungumzia maua yapi. Si kila ua laweza kukaa nje wakati wa theluji. Lile ua dogo la zambarau kutoka milima yetu ya Usambara, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892, na ambalo Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen huko Hannover alilipa jina la Saintpaulia mwaka 1893, limeenea katika madirisha ya Ulaya yote. Lakini likitolewa nje usiku mmoja wa Januari limekwisha. Ua la namna hiyo halihusiki hapa. Tunazungumzia mimea kama pioni, floksi, delfiniamu, waridi za aina nyingi za zamani, na lile liitwalo waridi la Krismasi, Helleborus niger, ambalo huchanua theluji ikingali chini. Majani ya mengi kati ya hayo hunyauka katika vuli, lakini mzizi na kitovu chake hubaki hai ardhini hata masika yanaporudi. Hayo ndiyo maua yastahimiliyo baridi. Swali la historia yetu ni hili: ikiwa yanastahimili, mbona katika bustani hufa mara nyingi hivyo?

Kwa muda mrefu jibu lilionekana wazi. Baridi huua, basi joto huokoa. Mwishoni mwa mwaka 1683 na mwanzoni mwa 1684 Uingereza ilipatwa na baridi kali hata mto Thames ukaganda pale London, watu wakajenga vibanda na kufanya biashara juu ya barafu. John Evelyn, mwandishi maarufu wa mambo ya miti na bustani, alikwenda mwezi Februari 1684 kuitazama bustani yake ya Sayes Court. Alikuta mimea mingi ya thamani imeangamia, rozmari na loreli zikionekana kama zimekufa, na misiprasi peke yake ikitia tumaini. Baadaye aliiandikia Royal Society taarifa ya hasara hiyo. Tukitazama alichokifanya miaka iliyofuata, twaona mawazo yalivyoelekea: katika toleo la mwaka 1691 la kalenda yake ya bustani alieleza namna mpya ya kujenga nyumba ya mimea yenye tanuri, ili hewa iingie ikiwa imepashwa moto. Kwa michungwa ilikuwa hekima. Lakini wenye bustani walichukua fikra ileile wakaipeleka nje, kwa maua yasiyohitaji moto, wakayarundikia mbolea mbichi, mikeka na mabua mara tu waliposikia upepo wa kwanza wa Oktoba. Tulichokifanya sisi Ujerumani walikuwa wamekifanya wengine karne tatu kabla yetu.

Kulikuwa na jibu la pili, nalo lilitoka kwa mtu mkubwa zaidi. Carl Linnaeus alizaliwa mwaka 1707 huko Råshult, kusini mwa Sweden, mwana wa Nils Linnaeus, mchungaji wa Kilutheri aliyependa maua kuliko wengi wa wenzake. Wazazi walitaka mwana wao naye avae joho la uchungaji. Naye alijifunza majina ya mimea katika bustani ya baba yake pale Stenbrohult kabla hajajua Kilatini vizuri. Hakuna haja ya kueleza alivyokuja kuipanga elimu ya mimea ya dunia nzima. Kinachotuhusu ni imani yake moja ambayo vitabu vya sifa huipitia haraka. Sweden ilikuwa nchi maskini iliyotoka vitani, nayo ilitumia fedha nyingi kununua chai, hariri na viungo kutoka nje. Linnaeus aliamini kwamba mmea wa nchi za joto waweza kuzoeshwa baridi kidogo kidogo, kama mtoto anavyofundishwa, hata uishi Sweden. Mwaka 1763 alifanikiwa kupata miche hai ya chai iliyoletwa kwa meli kutoka China, akaipokea Uppsala kwa furaha kuu. Chai ya Sweden haikupatikana. Mmea mmoja haufundishiki kiasi hicho. Wastahimili baridi kwa kadiri ya urithi wake, na kizazi kimoja cha wataalamu kilitumia nguvu nyingi kabla ya kukubali hivyo.

Mwanafunzi wake Pehr Kalm alikuwa karibu zaidi na ukweli. Badala ya kuifundisha mimea ya joto, alitumwa kutafuta mimea ambayo tayari ilikwisha kuizoea baridi. Alisafiri Amerika ya Kaskazini kuanzia mwaka 1748 hadi 1751, akipitia Pennsylvania, New Jersey, New York na Kanada, akikusanya mbegu. Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba alipofika Raccoon, kijiji cha Waswidi katika New Jersey, alikuta usharika wa Kilutheri umefiwa na mchungaji wake, Johan Sandin. Kalm akawahubiria, na mwaka 1750 akamwoa mjane wa marehemu. Baadaye alirudi Åbo, yaani Turku ya leo katika Finland, akafundisha akiwa profesa, na baadaye akawa mchungaji pia. Alipanda mbegu zake kwa bidii. Mengi ya aliyoyapanda hayakuendelea. Baridi ya Kanada ni kali kuliko ya Turku, kwa hiyo baridi pekee haiwezi kuwa ndiyo sababu. Majira ya joto ya Finland ni mafupi: mmea unaotaka miezi mingi ya joto ili matawi yake yakomae hufika Oktoba ukiwa mbichi, na mmea mbichi hauna kinga. Inaelekea hilo ni somo ambalo Kalm aliliona kwa macho bila kuwa na maneno ya kulieleza.

Waliokuwa wa kwanza kulieleza kosa lenyewe vizuri, kwa kadiri ya usomaji wetu, ni Wafaransa wawili. Baridi ya Januari 1709 iliwaua watu na mizabibu kotekote Ufaransa, nayo iliacha alama ndani ya miti iliyopona. Mwaka 1737 Buffon na Duhamel du Monceau walitoa taarifa katika Chuo cha Sayansi cha Paris juu ya madhara ya jalidi kubwa za majira ya baridi na jalidi ndogo za masika. Walionyesha jambo lililokwenda kinyume cha akili ya kawaida: jalidi za masika mara nyingi ziliumiza zaidi upande wa kusini, ulioelekea jua, kuliko upande wa kaskazini ulio baridi. Tena, mmea uliolowa uliumia kuliko mmea mkavu. Basi baridi haikuwa mshtakiwa wa peke yake. Jua na maji vilikuwa washiriki.

Lakini taarifa ya wataalamu wa Paris haikuwafikia wenye bustani. Aliyewafikia alikuwa Gilbert White, kasisi msaidizi katika kijiji cha Selborne, Uingereza, ambaye alianza kuandika kumbukumbu za bustani yake mwaka 1751 na kuendelea kuandika juu ya viumbe vya kijiji chake mpaka alipofariki mwaka 1793. Kitabu chake juu ya viumbe wa Selborne kilitoka mwaka 1789. Hakuwa Mlutheri, hakuwa profesa, hakusafiri mbali. Alikuwa na kipimajoto, kalamu na subira. Katika barua moja alieleza baridi ya Januari 1768, akaamua kwamba kilichoangamiza mimea hakikuwa ukali wa baridi bali ni kule kuyeyuka kwa theluji mchana na kuganda tena usiku, siku baada ya siku. Kwa hiyo alishauri mambo mawili ambayo yangewashangaza majirani zake. Mimea dhaifu isipandwe mahali pa jua kali. Na theluji ikilala juu ya majani ya vichaka, watumishi watumwe kwa uma za shambani kuikung'uta polepole, kwa kuwa jani lililo wazi hujisaidia vema kuliko jani lenye theluji iliyoyeyuka nusu na kuganda tena. Mikeka na mabua aliyakubali, lakini kwa siku chache za hatari tu.

Desemba 1784 ilimfundisha jambo jingine. Kipimajoto chake kilishuka chini ya sifuri ya Fahrenhaiti, yaani karibu nyuzi 18 chini ya sifuri ya Selsiasi, ilhali kipimo cha jirani yake wa Newton, kijiji kilicho juu zaidi kilimani, kilionyesha joto kubwa zaidi. White alidhani kipimo kimoja kina kasoro; vikakutanishwa, vikaonekana vinakubaliana kabisa. Ilibidi aamini: usiku mtulivu hewa baridi huteremka bondeni kama maji, na wa kilimani huponea. Wakulima wa chai wa Mufindi hawatashangaa. Wanajua ni mashamba gani ya bondeni yanayoungua kwanza. Kwa White ilikuwa habari mpya, na ua ambalo angelitia bondeni kwa kulihurumia na upepo angekuwa amelitia kaburini.

Tusimsifu kupita kiasi. Tiba yake ilikuwa sahihi, lakini maelezo yake hayakuwa kamili, na karne nzima ilipita kabla hayajakamilika. Heinrich Göppert wa Breslau alitoa mwaka 1830 kitabu kizima juu ya joto la mimea, kuganda kwake na njia za kuilinda. Watu wa wakati huo walibishana kama mmea hufa unapoganda au unapoyeyuka. Göppert alipata njia nzuri ya kulijibu swali hilo kwa mimea ya nchi za joto: alitumia okidi ambazo maua yake meupe hugeuka buluu seli zake zinapokufa. Aliyagandisha, nayo yakawa buluu yangali yameganda. Basi mmea dhaifu hufa kwa kuganda kwenyewe, na kuyeyusha polepole hakuwezi kuufufua.

Lakini mmea wenye kustahimili ni habari nyingine, na hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Siku zinapofupika na usiku kuanza kupoa, mmea huo huacha kukua. Hujiwekea sukari ndani ya seli. Baridi ikizidi, maji hutoka ndani ya seli na kuganda katika nafasi zilizo kati ya seli na seli, mahali ambapo barafu haidhuru kitu, na seli yenyewe hubaki na utomvu mzito usioganda kwa urahisi. Kazi hiyo huchukua majuma kadhaa, na inaidai baridi yenyewe: usiku wa baridi ya kiasi ndio unaouandaa mmea kwa usiku wa baridi kali. Atakayeufunika mapema anauzuia kujiandaa. Atakayeupa joto katikati ya Januari, kwa jua la ukutani au kwa lundo la mbolea ichemkayo, anaufanya uvue silaha zake, na baridi inaporudi ghafula jioni barafu hufanyika ndani ya seli na kuipasua. Kisha liko jambo la kiu, ambalo White hakulijua: jani la kijani likipigwa na jua na upepo hupoteza maji, ilhali mzizi umefungwa katika udongo ulioganda na hauwezi kunywa. Mimea mingi inayosemekana kufa kwa baridi imekufa kwa ukame.

Hatuna haja ya kwenda Ulaya ili kuyaona haya. Apandaye Kilimanjaro akifika karibu na Horombo, kwenye mita 3,720, huikuta ile mimea mirefu ya jamii ya senesio, yenye shina nene kama mtu aliyejitanda blanketi. Blanketi hilo ni majani yake yenyewe yaliyokufa, ambayo hayadondoki bali hulizunguka shina na kuyazuia maji yaliyomo yasigande. Usiku majani machanga ya kileleni hujikunja na kukifunika kitovu, asubuhi hujifungua. Lobelia wa mlima huohuo huweka maji kati ya majani yake, na usiku maji hayo huganda juu na kukilinda kitovu kilicho chini. Aliyeitangazia dunia ya wanasayansi mambo mengi ya mimea hii alikuwa Olov Hedberg wa Uppsala, mji uleule wa Linnaeus, aliyekuja kwenye milima yetu mwaka 1948 na kutoa kitabu chake juu ya maisha ya mimea hiyo mwaka 1964. Twaona kwamba Mswidi alisafiri mpaka Ikweta akakuta mmea unaojifunika wenyewe, kwa kiasi, kwa wakati wake.

Turudi bustanini. Elimu hii ilipowafikia wenye bustani, kazi ya vuli ilibadilika. Neno letu la kilimo, matandazo, linafaa kabisa hapa, kwa maana Mchagga hutandaza majani ya migomba katika kihamba chake ili udongo usibadilike ghafula kwa jua, na Mjerumani hutandaza matawi ya misonobari kwa sababu iyo hiyo, ingawa adui ni mwingine. Hatandazi Oktoba. Hungoja udongo ugande kwanza juu juu, kina cha vidole vichache. Ndipo huweka matawi au mabua makavu, yasiyoshikamana, yanayopitisha hewa. Majani mapana yaliyolowa huyaepuka, na nailoni haikaribishi kabisa. Shabaha yake ni kuuzuia udongo usiyeyuke kabla ya wakati. Udongo unapoganda na kuyeyuka na kuganda tena huvimba na kunywea, na kila mara huisukuma mizizi juu kidogo, hata mche uliopandwa Septemba huonekana Februari umelala juu ya ardhi kama mtu aliyetupwa nje ya nyumba yake. Masika matandazo huondolewa kwa awamu, siku ya mawingu, kwa sababu machipukizi yaliyokaa gizani huungua kwa jua la kwanza.

Na juu ya yote hayo kuna theluji, ambayo sisi wageni tuliiona kuwa ndiyo baridi yenyewe. Theluji mpya karibu yote ni hewa iliyonaswa. Chini ya theluji yenye kina cha sentimita 30 udongo huweza kubaki karibu na sifuri hata hewa ikiwa nyuzi 20 chini yake. Karl Foerster, aliyekuwa na bustani ya kuzalishia maua huko Bornim karibu na Potsdam tangu mwaka 1910, na aliyetoa mwaka 1911 kitabu juu ya maua ya kudumu yastahimiliyo baridi, aliwazoeza Wajerumani wasikate mabua na nyasi za maua katika vuli. Wengi walimpenda kwa ajili ya uzuri wa jalidi juu ya nyasi kavu. Sisi twaona faida nyingine pia: mabua yaliyosimama huinasa theluji inayopeperushwa na upepo na kuilaza juu ya vitovu.

Mfano tuupendao kuliko yote uko Iceland. Huko Núpur, kando ya ghuba ya Dýrafjörður, karibu nyuzi 66 kaskazini mwa Ikweta, mchungaji wa Kilutheri Sigtryggur Guðlaugsson aliifungua rasmi tarehe 7 Agosti 1909 bustani aliyoiita Skrúður. Mwaka huo aliuchagua kwa makusudi: ilikuwa miaka 150 tangu mchungaji wa zamani, Björn Halldórsson wa Sauðlauksdalur, aanze majaribio yake ya viazi katika nchi hiyo ya njaa. Bustani ya Skrúður ilikuwa ya shule. Vijana walipaswa kuona kwa macho kwamba mboga, miti na maua vyaweza kuishi mahali ambapo wazee wao walisema haviwezekani. Sasa, majira ya baridi ya pwani ya Iceland si makali kwa kipimajoto, kwa kuwa bahari haiko mbali. Ubaya wake ni kwamba hayatulii: leo mvua, kesho barafu, keshokutwa upepo wa kung'oa mapaa. Ni hali ileile ya kuyeyuka na kuganda aliyoilaumu White, na inarudiwa mara nyingi katika kila msimu. Sigtryggur hakuijibu kwa joto. Alijenga ukuta kuizunguka bustani, akapanda miti ya kuvunja upepo, akangoja. Mkewe Hjaltlína Guðjónsdóttir aliitunza pamoja naye kwa miaka mingi, na mtu akisoma habari za bustani hii ataona kwamba maua yalimhitaji mama huyu kama yalivyomhitaji mchungaji. Sigtryggur alifariki mwaka 1959. Bustani ilipitia miaka ya kusahauliwa, ikarejeshwa, na mwaka 2013 ilipewa Tuzo ya Carlo Scarpa ya Italia.

Marekani imekwenda njia zake. Wasomaji wetu wa Dayosisi ya Iringa, wenye uhusiano wa siku nyingi na sharika za Saint Paul, Minnesota, huenda wamewahi kuona katikati ya Oktoba watu wakichimba mtaro kando ya waridi, wakailegeza mizizi upande mmoja, wakalilaza chini shina lote likiwa limefungwa kamba, na kulifukia kwa udongo na majani mpaka Aprili. Hufanya hivyo kwa waridi dhaifu zisizoweza kusimama katika baridi ile. Wakanada waliona ni kazi ya kuchosha. Tangu miaka ya 1960 Felicitas Svejda wa shamba la majaribio la serikali huko Ottawa alizalisha waridi zisizohitaji kufukiwa, zikapewa majina ya wavumbuzi wa zamani kama Martin Frobisher na John Cabot.

Wamarekani ndio pia walioeneza ramani. Mwaka 1927 Alfred Rehder wa Arnold Arboretum aligawa nchi katika kanda kwa kadiri ya baridi yake. Wizara ya kilimo ilitoa ramani yake mwaka 1960, na toleo la karibuni ni la mwaka 2023. Katika toleo hilo karibu nusu ya nchi imehamia katika kanda yenye joto zaidi kuliko ilivyokuwa katika ramani ya 2012. Mwenye bustani akiisoma atafurahi na kudhani maua yake yamepata nafuu. Tunaogopa kwamba ni kosa lilelile la kale limerudi likiwa na vazi jipya. Ramani hupima baridi ya hewa katika usiku ulio mbaya kuliko yote. Haipimi theluji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa msitu wa Hubbard Brook katika New Hampshire waliondoa theluji kwa makoleo katika viwanja vidogo majuma ya mwanzo ya majira ya baridi, kana kwamba dunia imekwisha kupata joto. Udongo uliofunuliwa uliganda kuliko ule wa jirani uliofunikwa, na mizizi midogo mingi ya miti ikafa. Katika taarifa yao ya mwaka 2001 walitoa onyo kwamba dunia yenye joto zaidi yaweza kuwa na udongo wenye baridi zaidi.

Ndivyo alivyotueleza pia mama mchungaji wetu tulipomtembelea mara ya mwisho, akiwa mzee na ameacha nyumba ya usharika. Theluji iliyokuwa ikilala bustanini kwake majuma kadhaa sasa huja siku mbili na kutoweka. Matawi ya misonobari, ambayo zamani aliyaweka juu ya waridi tu, sasa huyaweka juu ya maua yote, na hangoji tena tarehe bali hupapasa udongo kwa kidole kila asubuhi hadi ugande. Tulipokuwa pale mwezi wa Januari, baada ya juma moja la mvua na usiku mmoja wa barafu, alituchukua nje na taa ya mkononi, akatuonyesha floksi tatu zilizosukumwa juu, mizizi ikiwa wazi. Hakutuachia sisi kuzirudisha. Alipiga magoti mwenyewe, akazikandamiza ardhini kwa viganja, akaziwekea mchanga mkavu, na kuzifunika tena kwa matawi.